Kadi ya mwaka isiuzwe Januari

Kenya wameshaupa mwezi wa kwanza jina lake la utani: Njaanuari. Ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba na madeni ya sikukuu, vyote vinabisha hodi wiki moja. Na ni wiki hiyo hiyo kituo cha michezo cha mtaa, chenye ukumbi mmoja, uwanja wa kikapu na bwawa, kinapotundika bango: "Mwaka mpya, jiunge sasa, lipia miezi 12." Bango la namna hiyo limetoka nchi ambazo watu huanza mwaka wakijuta walivyokula sikukuuni. Huku kwetu nia ya mazoezi ipo Januari, kilichokosekana ni pesa. Mzazi anayepita mbele ya bango hilo anajifunza jambo moja tu, kwamba kituo hiki si chake.

Kwa hiyo kalenda ije kabla ya bei. Chukua karatasi kubwa, gawa miezi 12, halafu juu yake weka likizo za shule, mvua, Ramadhani, na wakati ambao watu wa eneo lako hushika pesa. Tanzania Bara shule zina mihula miwili, na likizo zake kubwa ni ya katikati ya mwaka, inayoangukia Juni na kuingia Julai, na ya Desemba. Kenya ina mihula mitatu, na likizo za Aprili, Agosti na ile ndefu ya kufunga mwaka. Tarehe zenyewe husogea, basi usichapishe tangazo kabla wizara haijatoa kalenda yake. Vituo vya mpakani, kama Namanga au Holili, vina bahati ambayo wengi hawaitumii: Desemba watoto wa pande mbili wanagongana, lakini Aprili na Agosti za Kenya hazigongani na Juni ya Tanzania, kwa hiyo bwawa moja linaweza kupata misimu minne ya likizo badala ya miwili.

Kuna kundi lingine linalosahaulika. Darasa la saba Tanzania hufanya mtihani wa taifa Septemba, kisha hukaa nyumbani hadi Januari. Hiyo ni miezi mitatu na ushei ya mtoto wa miaka 13 asiye na ratiba. Wazazi wenye uwezo huwapeleka masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza asubuhi, lakini mchana na jioni wako mitaani. Programu ya wiki 12 kwa kundi hili, siku tatu kwa wiki kuanzia saa 8 mchana hadi saa 10, inajaza saa ambazo ukumbi hulala mtupu. Sijui programu nyingine ya msimu ambayo ni rahisi kujaza hivyo na bado vituo vingi havina.

Mvua nazo. Masika ya Machi hadi Mei huua uwanja wa nje kwa njia mbili: siku ya mvua hakuna mchezo, na siku ya pili yake mchezo unafanya uharibifu. Udongo uliolowa ukikanyagwa na watu 22 unabonyea, jua likitoka unakauka na mashimo yake, na nyasi hazirudi mpaka vuli. Kipimo cha mlinzi wa uwanja ni kisigino: akikanyaga na alama ya kisigino ikabaki na maji, geti linafungwa. Msimu huo wote watu wanahamia ndani, kwa hiyo ratiba ya masika iwe na vitu visivyohitaji nafasi kubwa, kama mpira wa meza, drafti, karate na bao. Bao lisidharauliwe. Mashindano ya wiki sita yanahitaji mbao nne na chumba kimoja, na yanaleta wazee ambao hawangeingia geti lile kwa sababu nyingine yoyote. Wazee hao wakizoea ndio baadaye wanaoleta wajukuu kwenye uogeleaji.

Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Mwaka 2026 mwanzo wake ni katikati ya Februari. Ikifika 2030 mwaka mmoja utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine ikianza mwisho wa Desemba. Kwenye miji ya pwani, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku katika mwezi huo ni saa tupu. Hamisha kikapu na mpira wa ndani kuanzia saa 3 na nusu usiku, baada ya tarawehe, ukimaliza saa 5 na nusu, na ongeza mlinzi mmoja wa usiku. Asiyetaka kuja kabisa aruhusiwe kusimamisha kadi yake. Kusimamisha kuwe na masharti mawili tu: aombe kabla ya siku ya kwanza, na isizidi siku 30 kwa mwaka. Ukikubali maombi ya kurudi nyuma, "mwezi uliopita nilikuwa safari", daftari lako litakuwa la hadithi.

Sasa idadi. Uanachama ni ahadi ya nafasi, na nafasi ina kipimo. Huku karibu na ikweta jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na watu wanatoka kazini karibu saa 11, kwa hiyo saa zinazogombaniwa ni tatu: saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Uwanja wa kikapu uliopimwa sawasawa, mita 28 kwa 15, unabeba watu 20 kwa saa bila manung'uniko, kumi wanacheza na kumi wanasubiri zamu. Saa tatu kwa siku sita ni nafasi 360 kwa wiki. Mwanachama wa kawaida akija mara mbili kwa wiki, uwanja huo unatosha wanachama 180. Utashawishika kuuza kadi 300 kwa hoja kwamba wengi hawaji. Ni kweli wengi hawaji, mpaka wiki ambayo wote wanakuja, nayo huwa wiki ya kwanza ya likizo, wakati wafanyakazi wako wapya ndio kwanza wanajifunza kutumia daftari la mlangoni. Mwanachama aliyelipa akasimama nje dakika 40 hatadai pesa zake. Ataacha tu kuja, na atakuwa na maneno kwenye daladala. Zidisha kwa asilimia 20 si zaidi, yaani kadi 215 hivi, na uwanja usio na taa za usiku uhesabiwe saa moja na nusu tu.

Bei ipangwe kuanzia mlangoni. Tuchukue mfano: kiingilio cha siku ni shilingi 2,000 za Tanzania. Kadi ya mwezi iwe mara nane ya kiingilio, 16,000, kwa sababu mtu wa mara mbili kwa wiki ataona hesabu imetoka sawa na wa mara tatu ataona amefaidi. Ukiiweka mara kumi na mbili, watu wote watabaki walipaji wa mlangoni, na mvua ikinyesha wiki mbili huna mapato. Miezi mitatu iwe 42,000. Mwaka uwe 144,000, sawa na miezi tisa. Kadi ya familia ihesabu watu wa nyumba moja bila kuuliza ndoa wala cheti. Shangazi na mpwa wanaokaa pamoja ni familia kwa mujibu wa geti. Weka tu kikomo, watu wazima wawili na watoto wanne, na anayezidi aongezewe kwa bei ya nusu.

Januari uza nini basi? Uza tiketi ya mara tano, inayodumu siku 45. Ni pesa ndogo, inashika ile nia ya mwaka mpya, na haimlazimishi mtu kuchagua kati ya kituo na madaftari. Kadi ya miezi mitatu itangazwe wiki ya mwisho ya Februari, mishahara ikishatulia, ila kwenye miaka ambayo Ramadhani imeangukia hapo, ngoja Idi ipite. Kadi ya mwaka iuzwe pale eneo lako linapovuna: panapolimwa korosho, kama Mtwara na Lindi, minada huanza Oktoba, mji wa watumishi wa umma unafuata mshahara, na wiki nzuri ni ile inayofuata malipo, si ile inayoyatangulia.

Na kadi ya mwaka ukishaiuza, usiihesabu kuwa pato. Ni deni la shilingi 12,000 kila mwezi kwa miezi 12. Vituo vinavyokufa Agosti huwa vilikuwa na pesa nyingi Machi. Wamekusanya kadi 60 za mwaka, milioni 8.64 zikaingia, wakapaka ukumbi rangi na kununua jezi, na miezi mitano baadaye hakuna klorini wala umeme wa pampu, ilhali wenye kadi 60 bado wana haki ya kuingia. Fungua akaunti ya pili. Kila tarehe 1 hamisha sehemu moja ya 12, shilingi 720,000 kwa mfano huu, kwenda akaunti ya matumizi. Zilizobaki ni za watu.

Kwenye kupokea malipo tatizo kubwa huwa majina. Baba analipa kwa simu yake kwa ajili ya watoto watatu, mama anaongezea wa nne kwa simu ya jirani, na jioni mhasibu ana miamala miwili yenye majina ambayo hayamo kwenye orodha ya wanachama. Paybill, ile namba ya malipo ya simu ya Kenya, inaruhusu kuandika namba ya akaunti, na namba hiyo iwe namba ya mwanachama, si jina. Kwenye Lipa Namba ya Tanzania huenda hakuna pa kuiandika, basi mpokeaji aandike namba ya mwanachama pembeni ya kumbukumbu ya muamala palepale, mlipaji akiwa bado mbele yake. Kituo kilicho chini ya halmashauri Tanzania kinalipisha kwa kumbukumbu namba ya serikali, ile ambayo kila mtu anaiita kontrol namba. Itengenezwe moja kwa kila kadi. Ukitoa moja kwa kundi zima, hutajua nani hajalipa mpaka siku ya ugomvi.

Fomu ya kujiunga iwe ukurasa mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa, simu mbili za walezi tofauti, pumu au kifafa kama vipo, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na ruhusa ya picha kwenye mstari wake peke yake wenye sahihi yake. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na Kenya ina ya 2019, na kwa zote mbili fomu zenye magonjwa ya watoto hazikai kwenye meza ya mapokezi zikipepewa na feni. Kabati yenye kufuli, funguo kwa watu wawili.

Programu ya bure, nayo, ina ugonjwa wake: unaandikisha watoto 60, wanakuja 35, na wengine 25 waliokataliwa wamekaa nyumbani. Dawa ni amana ndogo, tuseme 1,000, inayorudishwa siku ya mwisho mkononi mwa mtoto mwenyewe. Orodha ya kusubiri ifanye kazi siku ya pili, si wiki ya pili. Asiyetokea siku mbili mfululizo bila taarifa, anapigiwa simu kabla ya saa 6 mchana, na kesho yake nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Halafu bwawa, ambako makosa ni ya hatari.

Wengi hupanga idadi ya watoto wa likizo kwa kutazama uso wa maji. Wanaona bwawa la mita 20 kwa 10, wanasema watoto 120 wanaenea. Wanaenea, lakini pampu haiwajui. Bwawa hilo lenye kina cha wastani wa mita 1.4 lina mita za ujazo 280. Ili maji yote yapite kwenye chujio kila saa 6, pampu inatakiwa isukume karibu mita za ujazo 47 kwa saa. Mabwawa mengi ya jamii yamerithi pampu ya nusu ya hapo, kwa sababu lilipojengwa lilitegemea waogeleaji 20 wa wikiendi. Pampu ya mita za ujazo 20 kwa saa inachukua saa 14 kumaliza mzunguko mmoja. Kwa hiyo kabla ya kutangaza msimu wa likizo soma kibati cha pampu, gawa ujazo wa bwawa kwa namba yake, na kama mzunguko unazidi saa 8, panga vipindi vya watoto 24, viwili asubuhi na kimoja alasiri, na acha pampu ifanye kazi usiku kucha. Piga hesabu ya umeme wake mapema: pampu ya kilowati 1.5 ikizunguka saa 20 kwa siku inakula uniti 30, yaani 900 kwa mwezi. Hizo ziwe kwenye ada ya programu tangu mwanzo, zisije zikatafutwa kwenye droo ya kiingilio.

Klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, ibaki kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.6. Ile pH si urembo. Klorini ile ile ikiwa kwenye pH 7.5 karibu nusu yake iko katika hali inayoua vijidudu haraka. pH ikipanda hadi 8, inabaki kama robo. Mtu anayemwaga unga wa klorini zaidi na zaidi bila kupima pH anachoma pesa. Kwa bwawa letu la mita za ujazo 280, kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita kunahitaji gramu 280 za klorini halisi, sawa na gramu 430 za unga wa asilimia 65. Akikosekana muuza unga na ukatumia dawa ya maji ya kufulia ya asilimia 3.5, utahitaji lita 8 kwa kazi hiyo hiyo, ndiyo maana haifai isipokuwa siku ya dharura. Unga utiwe ndani ya ndoo yenye maji tayari, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Na kijiko cha unga kisiguse ndoo ya vidonge vya klorini: klorini za aina mbili tofauti zikichanganyika zikiwa kavu au na unyevu kidogo huwaka moto, na zinaweza kulipuka.

Wazazi wakilalamika kwamba watoto wamerudi na macho mekundu na "klorini imezidi", pima kabla ya kuomba radhi. Mara nyingi ni kinyume chake. Ile harufu kali hutoka kwenye klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, dalili kwamba iliyo huru imepungua. Kuoga kwa lazima kabla ya kuingia, sekunde 60 kwa sabuni, kunaokoa dawa nyingi kuliko kunavyotumia maji. Mtoto akichafua maji kwa choo kigumu, watu wote wanatoka, kinaondolewa kwa wavu, klorini inashikiliwa miligramu 2 kwa lita kwenye pH isiyozidi 7.5, na bwawa linafunguliwa baada ya dakika 30. Akiwa ameharisha, siku hiyo imekwisha: klorini ishikiliwe miligramu 20 kwa lita kwa muda wa saa 12 na dakika 45, chujio lioshwe, na klorini iteremke kawaida kabla mtu hajaingia. Mwambie mzazi sababu halisi. Ukisema "matengenezo", kesho wataleta tena mtoto anayeharisha.

Walimu wapangwe kwa uwezo wa watoto, si umri. Siku ya kwanza ni jaribio la dakika tano kwa kila mmoja: azamishe uso, aelee sekunde 10, aende mita 10 kwa namna yoyote. Asiyeweza la kwanza yuko kundi la wanafunzi 6 kwa mwalimu mmoja, kwenye maji yasiyozidi mita 0.9. Anayeweza yote matatu anaweza kuwa kwenye kundi la 10. Mwokoaji ni mtu mwingine kabisa, amekaa juu, hafundishi, hashiki simu, na anapokezana kila dakika 30. Likizoni masomo kumi ya kila siku kwa wiki mbili yanafundisha zaidi kuliko kumi ya kila Jumamosi, maana mtoto hasahau kati yake. Arusha na Nairobi, Juni hadi Agosti, bwawa la nje lisilopashwa moto ni baridi: maji yakiwa chini ya nyuzi 22, fupisha somo liwe dakika 30, na midomo ikianza kubadilika rangi mtoto anatoka. Pwani tatizo ni jua, basi yaishe kabla ya saa 4 asubuhi.

Saa ya wanawake hufeli kwa sababu ya saa yenyewe. Kituo kinaiweka saa 11 jioni, magharibi inakaribia na jiko linasubiri, kisha kinaandika kwenye ripoti kwamba wanawake hawakuitikia. Iweke saa 3 hadi 5 asubuhi, mwokoaji awe mwanamke, na kila dirisha linalotazama bwawa liwe na pazia, la ofisi ya meneja likiwamo. Sheria ya mavazi iwe ya kitambaa, si ya mtindo: nailoni na vitambaa vya kuogelea vinavyofunika mwili wote ni sawa, pamba hapana, kwa sababu inanywa maji, inakuwa nzito kwa anayejifunza kuelea, na nyuzi zake zinaziba chujio.

Wasioweza kulipa hawatakosekana. Mathare, Nairobi, kuna chama cha michezo cha vijana, MYSA, tangu 1987, na kwenye ligi zake timu hupata pointi kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao peke yake. Kituo kinaweza kuazima wazo hilo kwa kadi: saa 4 za kazi kwa mwezi, kupiga mistari ya uwanja, kufagia, kuandika mahudhurio. Kadi yenyewe iwe sawasawa na za wengine, rangi ile ile na namba zinazofuatana. Kadi ya kijani kwa "wa kusaidiwa" itajulikana na kila mtoto wa foleni kabla ya saa 10 ya siku ya kwanza. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nayo iachwe; inachelewesha, na inamfanya mama aeleze umaskini wake ofisi mbili. Tenga nafasi moja kwa kila tano na uamini mtu anachosema. Watadanganya wachache.

Funga kituo wiki mbili Mei, masika ikielekea kwisha na watu wachache. Wiki ya kwanza ni ya bwawa: mchanga wa chujio ukaguliwe, vigae vilivyoachia vigongwe upya, geji ya presha ibadilishwe kama sindano yake imeganda, maana huwezi kujua wakati wa kuosha chujio bila kuona presha imepanda. Wiki ya pili ni ya ukumbi, na mistari ya sakafu ipakwe mwanzoni mwa wiki hiyo, si mwishoni. Rangi iliyokanyagwa kabla haijashika huvuliwa na viatu vya netiboli siku ya kwanza. Na kila kadi hai iongezwe siku 14 usiku ule ule mnaofunga, na mapokezi, bila kusubiri mtu aje kuomba.